Mkata Mikoko wa Chundwa na Reli ya Uhabeshi

Kabla hajapoteza mkono wake wa kushoto, Amini bin Shee aliweza kuangusha mkoko wa unene wa paja la mtu kwa mapigo manane ya shoka, naye amezama topeni hadi magotini. Kijiji kizima cha Chundwa kilijua hivyo na hakuna aliyebisha. Kazi ya boriti aliianza na baba yake katika mahori, ile mikono ya bahari iingiayo bara, ng'ambo ya kisiwa chao cha Pate, na kufikia mwaka wa sitini na tano alikuwa mtu wa miaka arubaini, mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. Mkewe, Tima, alizoea kusema kwamba mume wake ana maneno machache kwa kuwa mengine ameyaacha mikokoni.

Mikokoni mtu hujifunza maji kwanza, shoka baadaye. Mkata boriti asiyejua saa ya maji haoni mvi zake. Bahari ikijaa kwenye hori haiji kwa mbele kama wimbi la ufuoni. Hupita chini kwa chini, kijito kwa kijito, ikamzunguka mtu mgongoni, na tope lililokuwa likimbeba likageuka uji. Amini aliwahi kuona watu wawili wakifa kifo hicho. Mmoja alikuwa kaka yake, naye aliita jina la mama yao mpaka kinywa kikajaa.

Mwaka huo ndipo wapimaji walipokuja. Ilisemekana itajengwa reli kutoka pwani ya bara, ipasue msitu wa Waboni, ipande kaskazini hadi ivuke mpaka iingie Uhabeshi. Vifaa vilishushwa Ras Kitau, vikapakiwa mashua ndogondogo, vikapelekwa kwenye kambi iliyopigwa kando ya hori la bara: mahema, mapipa ya maji, masanduku ya baruti ya kupasulia miamba, na darubini ya kupimia iliyokaa juu ya miguu mitatu. Mkuu wao alikuwa Nicodemus, kijana mwenye miwani aliyezaliwa karibu na Kisumu. Alitaka watu wanaojua kukata. Akaambiwa, kama ni kukata, mtafute Amini.

Amini akafanywa mnyapara wa wakataji, akamchukua na Fadhil, mdogo wake Tima.

"Msitu ule una watu wenye bunduki," Tima alisema siku ya kuondoka. "Wawapiga watu mashambani, wawachomea nyumba. Wewe wenda, na ndugu yangu wampeleka."

"Boriti hazina mnunuzi mwaka huu, Tima. Tutakula nini, matope?"

Tima alimvuta Fadhil, akamfunga hirizi mkononi, akaingia ndani.

Kumbe kupima reli ni kukata, na kukata kwenyewe ni kwa ukaidi. Njia ya mpimaji haikwepi mti, haikwepi kichuguu, haikwepi dimbwi. Yeye huchungulia darubini, hunyoosha mkono, akasema huko, nanyi mwende huko huko, hata kama huko ni ukuta wa miiba. Siku ya tisa nyati aliyekuwa amelala kichakani aliamka mbele ya Jaafar, mkataji kutoka Siyu. Pembe iliingia chini ya mbavu. Nyati alimwinua, akamtikisa kama mtu akung'utaye mkeka, akamtupa, akamrudia tena. Walipompiga risasi ya mwisho yule mnyama, Jaafar hakuwa na kitu cha kuoshwa. Walikusanya walichoweza, wakakisalia. Wiki ya tatu homa ilichukua wawili. Wiki ya sita mashifta, wale watu wa bunduki wa msituni, walilipiga gari la maji njiani. Mapipa yalitobolewa, dereva akafia kwenye usukani huku maji yanamiminika mchangani, na kambi nzima ikakaa siku mbili ikilamba umande kwenye turubai.

Nicodemus alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Hata chuma kimoja hatujalaza," alisema.

"Reli hii yala watu kabla ya kuzawa, Bwana," Amini akamjibu.

Katika wale wageni mmoja alikuwa rafiki yake. Aliitwa Crispus, Mmaragoli mrefu, mshika mnyororo wa kupimia, mtu wa kuimba nyimbo za kanisani huku akihesabu hatua. Alijifunza kusalimia kwa lafudhi ya Chundwa, akikosea makusudi ili Fadhil acheke. Mke wake, Nerea, alikuwa na mimba ya kwanza, na Crispus alimsomea Amini kila barua iliyotoka kwake, mara mbili mbili. Kitu kimoja tu kilimtisha: maji. Kila walipovuka hori kwa mtumbwi alikaa katikati, amefumba macho, ameshika ubao kwa mikono yote miwili.

"Kwetu maji yanakaa kisimani," alisema. "Hayatembei."

Asubuhi moja ya wiki ya nane kikosi cha mbele kilikuwa na watu watano: Amini, Fadhil, Crispus, na askari wawili wa kuwalinda. Jua lilikuwa limeshapanda. Fadhil alikuwa ameinua panga kukata mmea utambaao, na risasi ya kwanza ikampata askari wa mbele shavuni. Yule wa pili alifyatua mara moja hewani kabla ya kuanguka. Watu waliibuka pande zote, kumi na mmoja, wengine na bunduki, wengine na majambia. Fadhil alikuwa na panga mkononi, na mtu mwenye panga huonekana adui hata akiwa anatetemeka. Waliomrukia walikuwa wawili. Amini alisikia pigo kabla hajaliona. Alipogeuka, shemeji yake alikuwa amepiga magoti, utosi umefunguka, macho bado yanatazama kana kwamba anataka kuuliza kitu.

Amini aliruka kumwendea, akapigwa kitako cha bunduki mdomoni, meno matatu yakamwagika.

Kiongozi wao alimsogelea, akamtazama kwa muda. Walijuana. Jina lake lilikuwa Dirir, na zamani, kabla ya vita hivi vya mashifta, alikuwa akileta maziwa na samli pwani, akiwauzia wakata boriti.

"Amini wa Chundwa," alisema kwa Kiswahili kilichonyooka. "Umekunywa maziwa yangu, leo waniletea reli."

"Mimi nakata miti tu."

"Unakata njia. Reli ikipita hapa, visima vitakuwa vya nani? Malisho yatakuwa ya nani? Nani alikuja kutuuliza?"

Swali lilikuwa la haki, na Fadhil alikuwa amelala hatua mbili kutoka pale waliposimama, mguu mmoja ungali unacheza.

Dirir alitaka kambi. Alijua ina watu arubaini, alijua ina baruti, na alijua pia kwamba njia ya nchi kavu inalindwa kwa bunduki kubwa. "Utatupitisha nyuma, kwa baharini. Mahori haya ndiyo nyumba yako." Akaamuru Crispus atwikwe sanduku la darubini, akafungwa kamba kiunoni, na ncha ya pili ikafungwa kiunoni mwa jitu moja lenye bunduki. "Ukitudanganya, huyu ndiye wa kwanza. Wewe utatazama."

Walitembea saa mbili, jua utosini. Damu ilimjaa Amini kinywani, akawa anaimeza. Akili yake ilikuwa juu ya maji. Mwezi ulikuwa na siku mbili, na siku mbili za mwezi ni bamvua, maji makuu. Yalikuwa yametoka asubuhi, yamekauka saa tano, na kufikia alasiri yangefunika mizizi yote ya hori. Ipo njia ya nyuma ya kwenda kambini, njia ya kweli, juu ya ulimi wa mchanga, ambayo mtu angepita bila kulowa kifundo. Ipo nyingine, ya kushoto, inayoanza na tope gumu la kupendeza na kuishia katikati ya hori lenye vijito saba. Kaka yake alifia huko.

Alifikiri juu ya watu arubaini. Alimfikiria Nicodemus na miwani yake, na mpishi, na wale wakataji kumi na wanane wa Chundwa na Siyu aliowaita kazini mwenyewe kwa majina yao. Kisha akamtazama Crispus. Sanduku lilikuwa limemkandamiza shingo, jasho linamtiririka, na kamba ile kiunoni.

Walipofika kwenye miti ya kwanza, Dirir alisimama, akanusa hewa. "Maji je?"

"Yametoka," Amini akasema. Ni kweli yalikuwa yametoka. Hakusema kwamba yanarudi.

Akapinda kushoto.

Crispus alikuwa nyuma yake kidogo. Alinong'ona, "Mzee Amini. Tutafika?"

"Tutafika," Amini akasema, bila kugeuka. Kisha, kwa sauti ndogo zaidi, "Ukiona mti wenye mizizi ya magoti, ukumbatie, usiuwate, usiuachie."

"Kwa nini?"

Jitu liliivuta kamba, na Crispus akapepesuka.

Tope liliwabeba vizuri nusu saa. Halafu mtu wa mwisho akazama hadi gotini, wenzake wakamcheka. Halafu wakazama wawili. Amini alijua pa kukanyaga, juu ya mizizi, na kila alipokanyaga aliharibu alama yake kwa kisigino. Maji ya kwanza yalikuja kutoka nyuma yao, membamba, yenye povu la kahawia, kana kwamba mtu amemwaga ndoo. Mmoja akapiga kelele. Wakageuka kukimbia walikotoka, na walikotoka tayari palikuwa hori.

Ndipo Dirir alipoelewa. Hakutukana. Aliinua bunduki tu, miguu yake imezama hadi mapajani, akitafuta kifua cha Amini, lakini wenzake walikuwa katikati.

Amini alimrukia mtu aliyekuwa karibu naye, akampokonya panga la Fadhil alilokuwa amelichukua, akampiga shingoni kwa pigo lile lile alilopigia mikoko maisha yake yote. Lilitosha moja. Mwingine alimjia na jambia. Waligaagaa topeni, Amini akamkandamiza uso chini, akakaa juu ya kisogo chake mpaka mapovu yakaisha. Maji yalikuwa yamefika kiunoni. Watu walikuwa wakilia kwa lugha yao, wakipandiana mabegani, wakizamishana, mwenye kujua kuogelea hayupo hata mmoja.

Ndipo akasikia jina lake. Jitu lilikuwa limeanguka kwenye kijito na kamba ilikuwa ikimvuta Crispus. Sanduku lilikuwa limekwenda. Crispus alikuwa ameukumbatia mti wenye mizizi ya magoti, kama alivyoambiwa, na kamba ilikuwa ikimbandua polepole.

"Mzee! Kata kamba! Kata!"

Alikuwa hatua kumi upande wa kulia. Dirir alikuwa hatua sita upande wa kushoto, na bunduki ilikuwa imeshanyanyuliwa.

Amini alikwenda kushoto.

Risasi ilimpata kwenye kiwiko, ikausaga mfupa, mkono ukaning'inia kwa ngozi na mishipa. Hakusimama. Alimfikia Dirir, akampiga panga la uso, akampiga tena, na tena, mpaka kilichokuwa mbele yake hakikuwa na uso wa mtu aliyewahi kumuuzia maziwa. Kisha akageuka.

Mti ulikuwa pale. Juu yake hapakuwa na mtu.

Alifika, akazamisha mkono wake mzima, akaipata kamba, akaikata. Alimpata Crispus kwa nywele, akamwinua. Macho yalikuwa wazi, kinywa kimejaa tope. Alimfunga kwenye mti kwa kile kipande cha kamba ili maji yasimchukue, naye akajipandisha juu kidogo, akaufunga mkono uliosagika kwa kikoi akitumia meno, akaanza kupiga ukelele. Walimsikia kambini. Nicodemus mwenyewe alikuja na mtumbwi, akamkuta bado anaita, ingawa sauti ilikuwa imeshakauka na mdomo tu ndio unaofunguka na kufumba. Katika wale kumi na mmoja, wanne waling'ang'ania miti, wakatoroka. Waliobaki walikutwa maji yalipotoka, wamesimama topeni kama boriti zilizochomekwa.

Kambi ilivunjwa baada ya siku tatu. Amini alikatwa mkono Mombasa. Alipolala huko hospitali Nicodemus alimletea habari kwamba wakubwa wamekaa, wamepima hasara ya watu na ya mali, wakaona reli ya Uhabeshi haiwezekani. Labda miaka mingine, alisema. Aliongea akitazama dirisha. Fadhil alikuwa ameshazikwa Chundwa, na Crispus naye pia, kando ya mashamba, kwa kuwa joto halikungoja barua kwenda Maragoli. Wazee wa Chundwa walimchimbia, na polisi mmoja aliyeitwa Kamau akaitwa amsomee sala za dini yake.

Mwaka uliofuata Nerea alikuja.

Alikuja kwa mashua kutoka Amu, yaani Lamu, hadi Pate, na kutoka Pate kwa miguu, akisindikizwa na yule polisi Kamau, ambaye alibaki nje barazani. Alikuwa mwanamke mdogo, mweusi, mwenye kitambaa cheupe kichwani. Tima alimkaribisha, akampa maji ya kunawa na kahawa. Kahawa haikuguswa.

"Mzee Amini," alisema. "Waliniandikia kwamba mume wangu alikufa kishujaa. Barua ni mistari minne. Nimeacha mtoto kwa mama yangu, nimesafiri siku tano. Niambie wewe uliyekuwa naye."

Kwa mwaka mzima watu walikuwa wamemsimulia Amini kisa chake mwenyewe, kila mmoja na chumvi yake, naye alikuwa akitikisa kichwa tu. Angeweza kumpa huyu mama moja ya simulizi hizo. Tima, aliyeketi mlangoni, alimtazama kama anayemwomba afanye hivyo.

"Njia zilikuwa mbili," Amini alisema. "Moja ya mchanga, moja ya tope. Nami nalijua Crispus hawezi maji. Nalijua amefungwa. Nikachukua ya tope."

"Yeye alijua?" Nerea akauliza.

"Hakujua. Aliniuliza kama tutafika. Nikamwambia tutafika."

"Na alipoanza kuzama?"

"Aliniita. Palikuwa na mtu wa bunduki upande wa pili. Nalikwenda kwa yule wa bunduki kwanza."

Nerea aliinuka taratibu kama mtu anayetaka kuaga. Alimpiga kofi, kisha ngumi, kisha ngumi mbili kwa pamoja, kifuani, usoni, kwenye kigutu cha mkono ambacho kilikuwa bado hakijapona sawasawa na kikaanza kuvuja damu. Hakulia. Alipiga huku akihema kama mtu atwangaye. Tima aliruka, na Kamau akaingia mbio kutoka barazani.

"Muwateni," Amini alisema. "Muwateni apige."

Alipiga mpaka mikono ikamlegea. Kisha akaketi chini sakafuni, akaangalia damu kwenye vidole vyake, na Tima, ambaye ndugu yake amelala katika ardhi ile ile kwa sababu ya reli ile ile, alileta maji, akamwosha vidole kimoja kimoja, na baada ya hapo akamfunga mumewe kigutu.

"Mimi pia nina wangu kule," Tima alimwambia. "Twende nikuonyeshe."

Wanawake hao wawili walikwenda mashambani pamoja, wakakaa huko mpaka adhana ya alasiri. Nerea alilala siku tatu katika nyumba ile. Aliupalilia udongo wa kaburi, akapanga mawe pembeni, akamfundisha Tima jinsi ya kutamka jina la kijiji chao. Na Amini hakusema naye neno tena mpaka asubuhi ya kuondoka, alipompelekea mzigo wake mashuani, Pate.

Maji yalikuwa yakitoka na nahodha alikuwa na haraka. Nerea alisimama ndani ya maji, nguo ameikusanya mkononi.

"Kuna jambo sijakuuliza," alisema. "Kama ni yule shemeji yako angefungwa ile kamba. Fadhil. Ungewapitisha kushoto?"

Nahodha aliita. Amini alimwona tena Fadhil amepiga magoti, na uso wa Tima siku ile ya hirizi, na wale arubaini, ambao wengine wao walikutana naye sokoni wakainamisha macho.

"Sijui," alisema. "Wallahi, sijui."

Nerea alimtazama. "Ungesema ndiyo," alimwambia, "ningejua yote uliyonieleza ni uongo."

Akapanda. Mara mbili kwa mwaka, tangu hapo, barua ilikuja kutoka Maragoli kwa jina la Tima, ikasomwa na mwalimu wa shule. Kulikuwa na habari za mvua na za mtoto aliyeanza kutembea. Mwishoni, chini kabisa, Nerea aliuliza kila mara kama kidonda cha kile kigutu kimefunga. Amini alimwambia mwalimu aandike kwamba kimefunga. Hakikufunga hadi mwaka wa sitini na tisa.